Themostati janja bila waya wa C

Je, themostati janja (kifaa cha ukutani kinachowasha na kuzima joto au kiyoyozi) inaweza kufanya kazi bila waya wa C, yaani waya wa kurudishia umeme? Baadhi zinaweza, ndiyo, lakini ukiweza kuuweka, uweke. Themostati ya zamani ni swichi tu: inaunganisha waya wa R (unaoleta umeme) na wa W (wa kuwasha joto), mtambo wa joto unawaka. Hii janja ina skrini na waifai, inataka umeme muda wote, na C ndiyo njia ya umeme huo kurudi kwenye transfoma. Zisizo na C hudokoa umeme kidogo kupitia nyaya za joto au za kiyoyozi. Niliwahi kufunga moja hivyo. Baridi ilipopungua na mtambo ukawa hauwaki sana, betri yake ikaisha, nikaamka skrini nyeusi tii.

Kabla hujanunua adapta ya kuziba pengo la waya wa C, zima umeme wa mtambo, toa themostati ya zamani na uvute nyaya taratibu. Mara nyingi kuna mmoja wa ziada umekunjwa nyuma ukutani. Huo unaunganishwa kwenye C pande zote mbili, kwenye themostati na kwenye bodi ya mtambo (watu husahau upande wa pili kisha wanalaumu themostati). Usiamini rangi. Bluu huwa C, ila fundi hutumia waya alio nao, kwa hiyo soma herufi iliyoandikwa pale waya unapoingia.

Hayo ni kwa mitambo ya volti 24 tu. Ukikuta nyaya nene mbili au nne, huenda ni volti 120 au 240 za hita za ukutani. Hizo zina themostati zake, usijaribu hii.