Maswali ya wasomaji: wadudu kwenye kabati la nguo

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: namna ya kulinda nguo kabatini bila kupuliza sumu. Nimechagua saba.

Msomaji wa Njombe: *Nimetoa sweta na blanketi la sufu kabatini nikakuta vimetobolewa vitundu vidogo vidogo. Kanga na mashati ya pamba yaliyokuwa humo humo ni mazima. Mdudu mwenyewe sijamwona.*

Ni nondo wa nguo. Si yule anayezunguka taa usiku. Huyu ni mdogo, rangi yake imepauka, anachukia mwanga, na ukifungua kabati hukimbilia kwenye mikunjo, ndiyo maana humwoni. Tena nondo mkubwa hali kitu chochote. Anayekula ni kiwavi wake. Chakula chake ni manyoya, nywele, hariri na sufu. Pamba safi haimfai, ila shati la pamba lililohifadhiwa na jasho au tone la mchuzi nalo hulionja.

Chukua hilo sweta ulipeleke penye mwanga, ugeuze kola na kwapa. Utaona utando mwembamba umenata kwenye nyuzi, na ndani yake punje ndogo ngumu. Hizo punje ni kinyesi cha kiwavi, na huchukua rangi ya nguo aliyokula: sweta jekundu, punje nyekundu.

Sasa kazi. Toa kila kitu kabatini, hata ambacho hakijatobolewa. Maji ya moto ya nyuzi 55 huua mayai na viwavi, lakini yatakunyaza sufu, kwa hiyo tumia baridi. Funga nguo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uziache kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki nzima. Kama huna friza, mwombe jirani anayeuza barafu. Ukishazitoa, zianike juani na upige brashi kwenye mishono na mikunjo ya mifuko, maana mayai hushikilia hapo. Kabati nalo lisafishwe hadi kwenye nyufa za pembeni, ambako vumbi na nywele hujikusanya na kiwavi hupata riziki hata nguo zikiwa hazipo. Kuanzia hapo, nguo iliyovaliwa hata mara moja isirudi kabatini kwa msimu mzima bila kufuliwa. Kati ya yote nitakayoyaandika leo, hili ndilo linalookoa nguo nyingi zaidi.

Mama mtarajiwa, Temeke: *Mama mkwe amenipa nguo za mtoto alizozitunza miaka mingi kwa vile vidonge vyeupe vya kabatini. Zinanukia sana. Nimvishe mtoto zikiwa hivyo hivyo?*

Hapana, dada yangu, na naomba unisome taratibu.

Vingi vya vidonge hivyo ni naftalini. Haviyeyuki kuwa maji. Hugeuka mvuke kidogo kidogo, na mvuke huo huingia kwenye nyuzi za nguo na kwenye mapafu ya anayelala chumbani. Wapo watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Hali hiyo hurithiwa, huwapata zaidi watoto wa kiume, na imeenea katika maeneo yenye malaria, pwani yetu ikiwemo. Mtu anaweza kuishi nayo bila kujua. Akikutana na naftalini, chembe zake nyekundu hupasuka. Mtoto mchanga akipatwa na hayo, ngozi na macho hugeuka njano, na unjano ukipanda sana huweza kuharibu ubongo wake. Madaktari wameshaona watoto waliofikwa na haya kwa sababu tu ya nguo na blanketi zilizotunzwa kwa vidonge hivi. Mafuta tunayowapaka watoto mwili mzima huzidisha hatari, kwa kuwa naftalini hupenya ngozi yenye mafuta kwa urahisi zaidi.

Zianike nguo nje, penye jua na upepo, siku kadhaa. Zifue kwa sabuni, zianike tena, unuse. Harufu ikiwapo, rudia. Nguo inayogoma kuachia harufu isimguse mtoto kabisa. Mama mkwe alikusudia mema. Mwambie kwa heshima kwamba zawadi umeipokea na unamfulia mjukuu wake upya, kisha umweleze na sababu, maana huenda vidonge vingine bado anavyo kabatini kwake na wajukuu wengine wanalala humo. Vilevile mtoto anayetambaa huviona pipi, na kimoja tu kikimezwa kinaweza kumdhuru.

Mtoto akionyesha unjano, akagoma kunyonya, akalegea, au mkojo wake ukawa mweusi mfano wa chai ya rangi, nenda hospitali saa hiyo hiyo na umtajie mhudumu kuwa kulikuwa na naftalini nyumbani. Wengi husahau kulitaja.

Msomaji wa Wete, Pemba: *Bibi yetu huweka karafuu na majani ya mwarobaini kwenye nguo, na kuzifukiza udi. Kaka yangu anasema ni mazoea tu, hakuna kinga humo. Nani mkweli?*

Bibi yuko karibu na ukweli kuliko kaka, ila si kwa asilimia mia. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, kemikali yenye ile harufu kali ya karafuu, ambayo wadudu wengi huikwepa. Mwarobaini una kemikali inayovuruga ukuaji wa mdudu anayeula. Lakini harufu humfukuza anayekuja. Kiwavi aliyekwishaingia kwenye mkunjo haondoki kwa kunusa karafuu. Kasha la zamani lenye kifuniko kizito huhifadhi harufu vizuri. Kabati la siku hizi, lenye milango isiyokutana, huipoteza upesi.

Kwa hiyo fua kwanza, kisha weka karafuu. Zifunge kwenye kitambaa, zisilale juu ya nguo moja kwa moja, kwa sababu mafuta yake huacha madoa. Majani ya mwarobaini yakaushwe kivulini hadi yavunjike mkononi; mabichi huleta unyevu na ukungu. Harufu ikififia, badilisha. Na udi wa bibi una faida ambayo kaka hajaiona: kila anapofukiza, nguo zote hutolewa, hukung'utwa na hupata hewa. Nondo hapendi kabisa kusumbuliwa hivyo.

Msomaji wa Mji Mkongwe, Unguja: *Kanzu na kofia nilizozipiga wanga nimezikuta zimechunika na kutoboka kwenye mikunjo. Kuna mdudu bapa wa rangi ya fedha anayeteleza mbio nikiwasha taa.*

Huyo amefuata wanga. Hana mbawa, ana mikia mitatu nyuma, hula wanga, karatasi na gundi, na hustawi penye unyevunyevu. Nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe humfaa sana, hasa wakati wa masika. Kanzu na kofia zihifadhi bila wanga. Wanga upige siku moja kabla ya Ijumaa au sikukuu. Ondoa magazeti uliyotandika kwenye rafu, kwani nayo ni chakula chake. Siku ya jua fungua milango ya kabati asubuhi hadi alasiri. Bakuli la chumvi ya mawe husaidia kidogo kunyonya unyevu, mradi uikaushe juani kila inapolowa.

Msomaji wa Kinondoni: *Ukutani nyuma ya kabati kuna vidude vya kijivu, bapa, mfano wa mbegu ya boga, vinatembea polepole. Ni nini?*

Ndani yake mna kiwavi, na nondo wake ni wa jamii moja na wale wa nguo. Kifuko hicho amekishona mwenyewe kwa nyuzi zake na mchanga wa ukutani, nacho kiko wazi pande zote mbili. Kitazame kwa utulivu: kichwa hutoka upande mmoja, ukimgusa hurudi ndani na kutokea upande wa pili. Hupenda utando wa buibui, nywele, na sufu akiipata. Fagia utando wote chumbani, viokote vifuko hivyo uvitupe nje, vuta kabati ufagie nyuma yake kila wiki. Dawa ya dukani haihitajiki.

Msomaji wa Mombasa: *Nimepanga chumba kimoja, jiko na kabati viko pamoja. Mende wamejaa kwenye nguo. Majani gani yatawafukuza?*

Hakuna majani nitakayokuahidi. Mende hawakufuata nguo. Wamefuata makombo, maji na giza. Vyombo visilale vichafu, taka zitoke kabla ya kulala, bomba linalovuja lizibwe. Katoni ulizohamia nazo zitoe zote, maana hujificha na kutagia humo. Asidi ya boriki iliyochanganywa na sukari huwaua kweli, na wengi huiita dawa ya asili kwa sababu hutokana na madini, lakini ni sumu kwa mtoto na kwa paka. Ukiitumia, ipake kidogo ndani ya nyufa tu, kamwe si kwenye rafu ya nguo.

Msomaji wa Morogoro: *Nyuma ya kabati la mbao za kubandika nimeona njia za udongo zinapanda ukutani. Nimwagie majivu?*

Majivu hayatoshi. Hao ni mchwa, na wengi wao wako ardhini chini ya nyumba, mahali ambapo majivu hayafiki. Toa nguo leo. Livute kabati mbali na ukuta, ubomoe zile njia ili uone kama zitajengwa upya, kisha umwite fundi akague milango, fremu na paa, kwa sababu mchwa hawaishii kwenye kabati. Ukinunua jingine, mninga au mvule huwashinda mchwa kuliko mbao za kubandika. Nalo lisimame juu ya miguu, likiwa na nafasi ya kupitisha ufagio kati yake na ukuta.