Nilimuapia trafiki uongo akaniachia: je, nadaiwa faini?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni kijana wa bodaboda, kwetu Kondoa, kijiwe changu kipo Majengo hapa Dodoma mjini. Pikipiki ni ya mkataba. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nawapeleka abiria wawili stendi kuu ya Nzuguni, mama na binti yake, na hakuna aliyevaa kofia. Trafiki akanipiga mkono. Hesabu ya bosi nilikuwa sijafikisha hata nusu, nikaogopa faini, nikamwambia: "Wallahi afande, mama yangu kalazwa, hawa ni ndugu zangu tunawahi kumuona." Mama yangu yuko Kondoa, mzima wa afya. Yule askari akaangalia leseni, akanirudishia, akasema: "Nenda taratibu. Mpe mama pole, Mungu amponye." Tangu siku ile sina raha. Je, ile faini ni deni juu yangu? Pia nataka kumpelekea shilingi 5,000 ya shukrani. Wenzangu kijiweni wanasema si rushwa kwa kuwa hakuniomba na jambo limeshapita. La mwisho, kuna askari mwingine tunaswali naye msikiti mmoja. Akiwa barabarani hanisimamishi kabisa, wenzangu wanakamatwa mimi napita. Kuna ubaya?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake.

Mwanangu, umeuliza mambo matatu, na lililo zito kuliko yote umelipitia njiani bila kuliuliza. Umetaja jina la Allah ukalifanya shahidi wa uongo. Kiapo cha namna hii wanachuoni wanakiita yamini ghamusi, yaani kiapo chenye kumzamisha mwenye kuapa. Katika Hadithi ya Abdullah bin Amri (r.a.) aliyoipokea Imamu Bukhari, Mtume (s.a.w.) aliyataja madhambi makubwa: kumshirikisha Allah, kuwaasi wazazi wawili, kuua nafsi, na kiapo cha ghamusi. Angalia kimewekwa safu moja na nini. Ninapita vijiweni kila siku na ninasikia jinsi neno hili linavyotumika. Abiria akipunguza nauli, Wallahi haitoshi. Bosi akipiga simu, Wallahi niko njiani, na kijana kakaa juu ya pikipiki anakula mhogo. Ulimi umezoea, na siku ya shida uliteleza kwa sababu ulikuwa umeshalainishwa siku nyingi.

Sasa ufanye nini? Toba kwanza: ujutie, uache, na uazimie kutorudia. Kuhusu kafara, wanachuoni wengi wamesema kiapo hiki ni kikubwa mno hata hakina kafara, dawa yake ni toba peke yake. Imamu Shafi (Allah amrehemu) amesema kafara ni lazima pamoja na toba. Kwa kuwa wengi wetu katika nchi hii tumelelewa katika madhehebu yake, na ndilo lenye salama zaidi kwako, nakupa hilo. Kafara imetajwa katika Suratul Maida, aya ya 89: kuwalisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge siku tatu.

Katika kulisha, kila maskini anapata kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa na watu wa mji. Wazee wanakijua kibaba, ni robo ya pishi. Kwa mizani ya dukani hesabu gramu 750 uwe na uhakika, kwa hiyo watu kumi ni kilo 7 na nusu za mchele au mahindi. Usimkabidhi mtu mmoja mzigo wote. Wawe watu kumi, kila mmoja na fungu lake. Na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu kosa hili nimelikuta kwa watu wengi, tena wenye uwezo: wakisikia kafara ya kiapo wanakimbilia kufunga siku tatu. Saumu ni ya asiyeweza kulisha wala kuvisha. Ukiangalia ulichonacho baada ya matumizi ya nyumba yako na ukaona kweli kilo hizo huziwezi, basi funga, na si lazima siku hizo zifuatane.

Je, umrudie yule askari umwambie ulimdanganya? Sikulazimishi. Allah amekusitiri, na Mtume (s.a.w.) amesema umma wake wote utasamehewa isipokuwa wenye kuyatangaza maovu yao. Lakini yule mtu alimuombea mama yako afya, na dua hiyo aliitoa kwa moyo mweupe kwa sababu alikuamini. Mpigie simu mama yako leo, umjulie hali. Hapo utajua mwenyewe kwa nini umekosa raha wiki tatu.

Nije kwenye faini. Faini ya barabarani katika fiqhi ni katika mlango wa ta'ziri, yaani adhabu ambayo kipimo chake kimeachiwa mamlaka kwa maslaha ya watu. Ndiyo maana inaweza kupanda na kushuka: mwaka 2021 serikali ilipunguza faini ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Na ndiyo maana pia mwenye mamlaka ana nafasi ya kuonya akaachia, akiona onyo litafaa zaidi. Upole huo si udhaifu wala si upungufu wa dini. Mtume (s.a.w.) alimwambia Bibi Aisha (r.a.) kwamba Allah ni Mpole na anapenda upole katika mambo yote. Askari anayemwona kijana wa mkataba asubuhi, mfuko mtupu, akamwelekeza badala ya kumwandikia, akiwa hakuchukua kitu wala hakumpendelea mtu, tunamtarajia malipo kwa Mola wake.

Kwa hiyo faini haikuingia katika dhima yako. Inakuwa deni pale unapoandikiwa kosa na kutolewa namba ya malipo, na wewe hukuandikiwa. Hata ukitaka kwenda kuilipa leo, hakuna namba ya kuilipia. Ungekuwa umeandikiwa kisha ukakwepa, ningekwambia ulipe hata kama hakuna anayekufuata.

Lakini usiondoke hapa ukidhani umetoka bure. Yule askari aliweza kusamehe lililo la serikali. Kichwa cha yule binti hakikuwa chake akisamehe. Ulimpakia mama na mwanawe, mishikaki kama mnavyoita, vichwa wazi, kwenye barabara ya Dar es Salaam ambayo malori na mabasi yanapita usiku na mchana. Allah anasema katika Suratul Baqara, aya ya 195, msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizi. Hapo ni nafsi yako mwenyewe. Vipi nafsi ya mtu aliyekuamini akakaa nyuma yako? Na Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Brunei mwaka 1993 liliazimia kwamba kuzifuata kanuni za barabarani ambazo hazipingani na sheria ya dini ni wajibu wa kisheria, kwa sababu ni katika kuwatii wenye mamlaka kwa lililo la maslaha. Maana yake kofia ya abiria ni jambo la dini yako. Usiiachie iwe jambo la kuogopea trafiki.

Nikusimulie nililoliona mwenyewe. Siku moja nilipanda boda kutoka Sabasaba kwenda Area D. Tukasimamishwa. Askari hakuuliza sana, alinyoosha mkono akashika mkanda wa kofia chini ya kidevu cha dereva. Ulikuwa umekatika, na yule kijana alikuwa ameuunga kwa kamba ya katani, fundo mbili, ncha zinaning'inia shingoni. Askari akaivuta kidogo tu, kofia ikamtoka kichwani ikabaki mkononi mwake. Akamtazama kijana, akamrudishia, akamwambia: "Leo sikuandikii. Kanunue mkanda." Kijana akashukuru sana, njia nzima ananiambia leo Mungu kamuona. Siku kumi hivi baadaye nikampanda tena yule yule, nikaangalia kidevuni. Kamba ya katani ile ile, fundo mbili, imeshika vumbi jekundu. Nilimwambia palepale: ndugu yangu, ulipewa muda wa kununua mkanda, wewe ukauchukua muda ukaacha mkanda.

Hilo ndilo unalodaiwa, mwanangu. Ulipoachiwa uliwekewa amana ya kurekebisha. Ile 10,000 ambayo hukutozwa, itafutie kofia ya pili kwa ajili ya abiria, kidogo kidogo kama haitoshi kwa mara moja. Ukishaipata usiitundike kwenye usukani kama pambo. Mpe abiria mkononi kabla hajapanda. Najua malalamiko yao: inanuka jasho, inaharibu nywele. Hayo yana dawa. Fua kitambaa cha ndani kila wiki na ianike juani, jua la Dodoma halikosi. Mama zetu na dada zetu wa Kiislamu nao wasitoe sababu ya ushungi, kofia inakaa juu ya ushungi bila kuondoa stara yoyote. Akikataa kabisa, kumwacha kituoni ni bora kwako kuliko kumbeba. Ninasema hivi nikijua kuwa nauli hiyo ataichukua mwenzako. Rizki yako haikuandikwa katika kichwa cha mtu kilicho wazi. Nimeshiriki mazishi ya abiria aliyekuwa anakwenda sokoni tu, na dereva wake alikuwa amesimama makaburini na bandeji mkononi, hana pa kuyaweka macho yake.

Kuhusu shilingi 5,000, wenzako kijiweni wamekosea, ingawa nadhani wamekosea kwa nia njema. Katika Hadithi ya Abu Humaid As-Saidi (r.a.) iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu akusanye zaka. Aliporudi akasema: hiki ni chenu, na hiki nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari akakemea, akasema: kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake tuone kama angeletewa zawadi? Pima hapo. Yule askari angekuwa fundi cherehani wa Majengo, wewe ungempelekea 5,000? Humjui jina. Unampa kwa sababu ya ile sare na kwa sababu alikuachia. Kwamba hakuomba, na kwamba jambo limepita, havibadilishi kitu, kwa sababu kesho yuko pale pale barabarani na wewe utapita pale pale. Akipokea leo, kesho atakusamehe kwa haki au kwa deni? Hata yeye hatajua. Ndivyo zawadi ya kwanza inavyoanza, inaitwa ya maji au ya soda, kisha inakuwa bei inayojulikana na kijiwe kizima. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wote wawili, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Na sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Muulize afisa yeyote wa TAKUKURU.

Mtume (s.a.w.) hakutuacha bila njia ya kushukuru. Amesema anayekufanyieni wema mlipeni, na msipopata cha kumlipa muombeeni dua mpaka muone kuwa mmemlipa. Basi ukimkuta barabarani msalimie, mwambie asante kwa siku ile. Kisha muombee kama alivyomuombea mama yako, na zidisha.

Lile la askari mnayeswali pamoja linahitaji maneno machache lakini ni gumu. Kukusalimia na kukupenda kwa ajili ya Allah ni jambo jema. Kukupitisha wakati wenzako wanasimamishwa kwa kosa lile lile si katika mapenzi hayo. Makureshi walipotaka kumnusuru mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba kwa sababu ya ukoo wake, walimtuma Usama bin Zaid (r.a.) amuombee, na Mtume (s.a.w.) akakasirika. Akasema waliokuwa kabla yenu waliangamia kwa sababu akiiba mtukufu wao walimwacha, na akiiba mnyonge walimsimamishia adhabu, na lau Fatima binti Muhammad angeiba ningemkata mkono. Kosa la barabarani si wizi, hilo najua, lakini jicho la upendeleo ni lile lile. Na wenzako wengine kijiweni si Waislamu. Fikiria wanajifunza nini kuhusu msikiti wetu wanapokuona wewe unapita.

Wewe huna uwezo wa kumwamuru askari akusimamishe, na kama huna kosa hakuna haja. Unachoweza ni kuhakikisha leseni, bima na kofia mbili ziko sawa, ili akikuacha upite awe hajakupa kitu kisicho chako. Na baada ya swala, mkiwa mnavaa viatu nje ya msikiti, mvute pembeni umwambie kwa adabu: "Kaka, barabarani nisimamishe kama wenzangu." Akiwa ni ndugu yako kweli, hatachukia.

Wallahu a'alam.