Kanuni za Kepler: anza na uzi na kalenda, fomula itafuata

Kukariri kanuni tatu za mwanaastronomia Johannes Kepler kuhusu mwendo wa sayari ni kazi ya jioni moja, na kuzisahau ni kazi ya wiki moja. Ushauri wetu kwa anayeanza: usiguse fomula yoyote kabla hujachora njia ya sayari kwa mkono na kuhesabu siku kwenye kalenda.

Kanuni ya kwanza inasema sayari huzunguka kwenye njia ya duaradufu, yaani duara lililobanwa, Jua likiwa kwenye fokasi mojawapo, yaani moja ya nukta mbili za ndani zinazolipa umbo hilo sura yake. Chora ya Mirihi. Tafuta kadibodi ngumu, pini mbili na uzi wa pamba usiovutika. Nailoni ya kuvulia samaki haifai, inanyumbuka na mchoro unapinda. Chomeka pini, ambazo ndizo fokasi, zikiwa zimeachana milimita 19. Funga uzi uwe kitanzi ambacho urefu wake wote ni sentimita 21.9, kivishe kwenye pini zote mbili, tia ncha ya penseli ndani, kaza, kisha zungusha bila kulegeza.

Utapata kitu kinachofanana na duara kabisa, na hapo wengi hufuta wakaanza upya wakidhani wamekosea. Pima: upana mkubwa ni sentimita 20, mdogo ni takriban 19.9. Hiyo ndiyo njia ya Mirihi. Kinachojitokeza ni Jua, yaani pini moja, kukaa milimita 9.5 pembeni mwa katikati. Michoro ya vitabuni yenye umbo la yai imetiwa chumvi, na inapotosha kuliko inavyosaidia. Kepler mwenyewe aliachana na duara kwa sababu ya tofauti ya dakika 8 za nyuzi, kama robo ya upana wa mwezi mpevu, kati ya hesabu zake na vipimo vya anga vya mwanaastronomia Tycho Brahe. Kanuni mbili za kwanza alizitoa mwaka 1609.

Kwa kanuni ya pili, kwamba mstari kutoka Jua hadi sayari hufagia maeneo sawa kwa muda sawa, yaani sayari iliyo karibu na Jua huenda kasi zaidi, chukua kalenda ya 2025. Jua lilivuka ikweta tarehe 20 Machi na tena 22 Septemba. Hesabu siku: 186. Kutoka hapo hadi 20 Machi inayofuata ni 179. Nusu ya pili ya mzunguko inakwisha wiki nzima mapema, maana mwanzoni mwa Januari Dunia iko karibu zaidi na Jua, kilomita milioni 147.1, ikienda kilomita 30.3 kwa sekunde. Mwanzoni mwa Julai iko kilomita milioni 152.1 na kasi imeshuka hadi 29.3.

Hapa kuna mtego kwa msomaji wa Nairobi au Njombe. Julai kwenu ni baridi, na Julai Dunia iko mbali na Jua, kwa hiyo ni rahisi kuunganisha mambo hayo mawili. Lakini Julai hiyohiyo Ulaya wako kwenye joto. Majira huletwa na mlalo wa mhimili wa Dunia, nyuzi 23.4, umbali unachangia kidogo tu.

Kanuni ya tatu, ya 1619, ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu. Kipeo cha pili cha muda wa mzunguko huenda sambamba na kipeo cha tatu cha umbali. Ijaribu kwa miezi ya Mshtarii. Io iko kilomita 421,700 kutoka katikati ya sayari na huzunguka kwa siku 1.769, Callisto iko kilomita 1,882,700 na huchukua siku 16.69. Gawanya umbali kwa umbali: 4.465, na kipeo chake cha tatu ni 89.0. Gawanya muda kwa muda: 9.435, na kipeo chake cha pili ni 89.0.

Ukitumia uwiano hivi, vipimo havina shida, vinajifuta vyenyewe. Shida huanza mtu anapobeba ile njia ya mkato (pima muda kwa miaka na umbali kwa umbali wa Dunia hadi Jua, vipeo vitakuwa sawa) akaitumia kwa miezi. Hiyo ni ya vitu vinavyolizunguka Jua peke yake. Kila kitovu kina namba yake, kwa sababu namba hiyo hutokana na uzito wa kilicho katikati. Ndiyo maana Io inatosha kuupima Mshtarii: zidisha 4π² kwa umbali kipeo cha tatu, gawanya kwa G (namba isiyobadilika ya nguvu ya uvutano) mara muda kipeo cha pili. Weka mita na sekunde (152,800) upate kilo 1.9 × 10²⁷. Ukisahau kubadili kilomita kuwa mita, jibu linapungua mara bilioni moja.

Darubini ya macho mawili ya 10×50 (inakuza mara 10, lenzi zina upana wa milimita 50), ukiiegemeza ukutani, inakuonyesha miezi hiyo kama vitone kwenye mstari. Vichore kila usiku saa ileile. Callisto hufika hadi vipenyo 13 vya Mshtarii kutoka katikati. Io haizidi vitatu na mara nyingi humezwa na mng'ao.

Zoezi la mwisho ni dishi la televisheni, ambalo Nairobi linaweza kutazama karibu wima, satelaiti ikiwa juu ya ikweta karibu na longitudo ya huko. Anza na Mwezi: kilomita 384,400, siku 27.32. Satelaiti huzunguka kwa sekunde 86,164, wala si 86,400, kwani Dunia hujizungusha mara moja kamili dakika nne kabla ya saa 24. Uwiano unakupa takriban kilomita 42,300 kutoka katikati ya Dunia. Toa 6,378 upate kimo. Thamani halisi ni 42,164. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na Mwezi wenyewe: uzito wake ni 1/81 ya Dunia, na kanuni hii rahisi huchukulia kinachozunguka kuwa hakina uzito wa kuhesabika.