Sola, faiba na fedha za jimbo: maswali yenu

Safari hii maswali yote yanahusu Massachusetts, Marekani.

Bili yangu ya umeme ina ada ya nishati jadidifu. Inakwenda wapi?

Ni dola 0.0005 kwa kila yuniti. Nyumba inayotumia yuniti 600 kwa mwezi huchangia senti 30. Ada hiyo ilitokana na sheria ya 1997 iliyofungua soko la umeme, na mfuko wake sasa uko chini ya MassCEC, taasisi ya umma ya jimbo inayoshughulikia nishati safi. Wanaouziwa umeme na shirika la mji wao hawachangii mpaka shirika liamue kujiunga, na asiyechangia kwa kawaida hapati ruzuku za mfuko huo. Basi kabla ya kujaza fomu yoyote, angalia bili inatoka kwa nani. Maombi mengi hufia hapo.

Nataka kufunga sola shambani. Bado kuna nafuu ya kodi?

Ile ya serikali kuu kwa mwenye nyumba imekoma kwa gharama za baada ya Desemba 31, 2025. Ya jimbo ipo: asilimia 15 ya gharama, isizidi dola 1,000, kwa nyumba unayoishi. Inapunguza kodi unayodaiwa tu, hulipwi taslimu. Ghala la biashara halimo.

Usinunue paneli kabla kampuni ya umeme haijakubali kukuunganisha. Barabara nyingi za mashambani zina laini ya fezi moja na transfoma ndogo. Mfumo mkubwa hapo utapandisha volti, na kazi ya kubadilisha transfoma au kuvuta fezi tatu itawekwa kwenye hesabu yako.

Jimbo lilishavuta faiba mpaka kwetu miaka mingi iliyopita. Mbona nyumbani hatuna kitu?

Kwa sababu ile ni faiba ya katikati. Mwaka 2008 jimbo liliunda Taasisi ya Brodibendi ya Massachusetts na kuitengea dola milioni 40. Kwa nyongeza ya fedha za serikali kuu ukajengwa mtandao wa takriban maili 1,200 katika miji 123, ukakamilika 2014. Unafika shuleni, maktaba na kituo cha polisi. Kipande cha kutoka hapo hadi mlangoni mwako ndicho ghali, maana maili moja ya barabara inaweza kuwa na nyumba chache mno kwa kampuni kurudisha pesa yake.

Miji kadhaa ya magharibi ilijijengea yenyewe kwa njia ambayo ni ya umeme kabisa: sheria inayoruhusu mji kumiliki shirika la umeme inaruhusu pia shirika hilo kuuza intaneti. Mkutano wa mji lazima uunge mkono kuundwa kwa shirika hilo kwa theluthi mbili, mara mbili, kwa nafasi ya miezi isiyopungua 2 wala kuzidi 13. Mkutano wa pili ukipita nje ya muda huo, mnaanza upya.

Kinachokwamisha zaidi ya pesa ni nguzo. Umeme hukaa juu, simu na intaneti chini, na kati yao lazima ibaki nafasi ya inchi 40 hivi. Ikikosekana, kila mwenye waya husogeza wake kwa zamu, na mmoja akichelewa wote wanangoja. Nguzo ikiwa fupi hung'olewa, na anayelipa kwa kawaida ni huyo mgeni, yaani mji wenu. Hesabuni nguzo zote na mzikague kabla ya kutaja bei ya mradi. Bajeti iliyokadiriwa kwa maili peke yake hupasuka hapa.

Ramani ya taifa inasema nyumba yangu ina huduma. Haina!

Ramani hiyo ni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, nayo huhesabu huduma kuwa ipo kama kampuni inaweza kukuunganisha ndani ya siku 10 za kazi kwa ada ya kawaida. Agiza huduma. Wakikataa, wakichelewa au wakidai ada ya ziada kwa ajili ya kuvuta waya, hifadhi barua yao au picha ya skrini yenye tarehe, kisha weka pingamizi kwenye ramani yenyewe. Kipimo cha kasi peke yake hakitoshi: kinaonyesha unachopata, na hoja hapa ni kama huduma inapatikana. Lisilopingwa husomwa kama kweli, na nyumba inayoonekana kuwa na megabiti 100 za kushusha na 20 za kupandisha haistahili fedha za BEAD, ule mpango wa serikali kuu wa kusambaza intaneti, wa dola bilioni 42.45, unaopitia majimboni.

Umeme ukikatika, faiba inaendelea?

Ile ya kawaida ya majumbani haihitaji umeme njiani, bali kituoni na kwako. Kisanduku cha faiba na ruta hula wati 20 hivi. Betri ya wati-saa 240 huviendesha kwa saa 10 hadi 12. Usitegemee paneli za juu ya paa bila betri: inveta hujizima gridi ikizimika, mafundi wa laini wasipigwe shoti.