Ukishang'olewa jino, linda donge la damu

Hapa Lamu watu wengi huogopa sindano na koleo, na kwa hofu hiyo hulivumilia gego bovu mpaka shavu linavimba. Mimi nimeng'olewa gego la chini, na baadaye nikamsindikiza mjomba wangu kung'oa lake, na nawaambia kwa moyo mmoja: kitini kwa daktari si ndiko kwenye taabu. Wanaoteseka hasa huteseka siku ya pili au ya tatu, wakiwa nyumbani, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kazi iliyobaki ni yao.

Kabla hujaketi, uliza kama jino linaweza kuzibwa. Likiwa halifai tena, basi kula vizuri kwanza. Ganzi ya sindano haitaki tumbo tupu, na mwenye njaa pamoja na hofu ndiye anayeona kizunguzungu. Beba dawa zako zote. Mjomba ana presha na anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, na kuna watu barazani walimshauri aiache siku kadhaa kabla. Daktari alipoona pakiti akamwambia, "Mzee, dawa hii usiiache mpaka aliyekuandikia akwambie." Akampima presha, akang'oa, akashona nyuzi mbili. Damu ya ufizi inabanwa ikakatika. Damu ikiganda kichwani au moyoni, hilo ni jambo jingine kabisa. Mwenye kisukari na mjamzito nao waseme mapema, hata kama hawajaulizwa.

Nenda asubuhi. Nalisema hili zaidi kwa ndugu zetu wa Faza, Siyu na Kizingitini kule kisiwa cha Pate, ambao safari yao inafuata maji. Maji yakipwa, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki kwa urahisi, na nahodha hatakungoja. Usikubali kupanda boti damu ingali inachuruzika. Kama una jamaa hapa mjini, Mkomani au Langoni, omba ulale kwao usiku huo.

Sindano inauma kidogo, kisha mdomo unakuwa mzito na nusu ya ulimi unapotea. Daktari atachokonoa ufizi na kukuuliza unahisi nini. Mwambie kweli, hata ikibidi akuongeze sindano ya pili. Palipo na usaha ganzi hushika kwa shida. Ikishika, uchungu unaondoka lakini msukumo unabaki, na hapa ndipo wengi wanapotishika. Utahisi taya likisukumwa. Utasikia mlio wa kukatika, mkubwa kuliko ulivyo, kwa kuwa unapita kwenye mfupa hadi sikioni. Jino halivutwi tu likatoka: daktari analitikisa huku na huku, kama mtu anavyotikisa nguzo ya ua iliyokazana kabla ya kuing'oa, mpaka tundu lipanuke. Wangu aliniambia tangu mwanzo, "Ukiona uchungu, inua mkono wa kushoto, nami nitaacha." Maneno hayo yalinituliza kuliko kitu chochote. Daktari wako asipokwambia, mwombe mkubaliane ishara. Na akilikata jino vipande, usidhani ameshindwa. Kuna magego yenye mizizi iliyopinda ambayo hayatoki mazima.

Wazee husema kung'oa jino la juu kunapofua macho. Si kweli.

Sasa kazi yako. Utapewa shashi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, uiume nusu saa hadi dakika arubaini na tano. Iume kwa nguvu ya kutosha, usiitafune, usiitoe kila mara kuchungulia. Pale tunduni damu inaganda na kuwa donge, na donge hilo ndilo linalofunika mfupa na mishipa ya fahamu mpaka nyama mpya iote. Likitoka mapema, mfupa unabaki wazi.

Na mambo mengi tunayopenda hapa kwetu hulitoa. Kutema mate kwa nguvu hulitoa. Kunywa dafu kwa mrija hulitoa, kwa sababu ule mnyonyo ndani ya mdomo unalivuta. Mimina dafu kwenye kikombe unywe taratibu. Kahawa chungu ya moto inaanzisha damu upya. Sigara, muguka na tambuu viache siku tatu angalau, na ukiweza wiki nzima. Usisukutue kabisa kwa saa 24. Anayetawadha asihangaike: katika madhehebu yetu ya Shafii kusukutua ni sunna, si faradhi, basi siku hiyo uache au upitishe maji polepole bila kuyatikisa. Baada ya hapo tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji vuguvugu, yazungushe kwa kuinamisha kichwa, yaache yatoke yenyewe. Maji ya bahari si badala yake, na karafuu iliyopondwa usiishindilie tunduni.

Usile mpaka ganzi iishe, maana utajiuma shavu bila kujua. Watoto ndio wa kuangaliwa zaidi. Kisha uji uliopoa, mtindi, ndizi, wali uliolainika, na utafune upande wa pili. Meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha. Panado inatosha kwa wengi. Ibuprofeni pia husaidia, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo wala mjamzito. Aspirini usimeze kwa ajili ya jino, inazidisha damu. Lala kichwa kikiwa juu kidogo, na weka taulo juu ya mto. Mate yenye wekundu mpaka asubuhi ni kawaida. Damu ikijaa mdomoni, kunja shashi safi iliyoloweshwa uiume tena nusu saa, isipokatika, rudi.

Jirani yangu alivuta sigara jioni ile ile. Siku ya tatu, wakati uchungu ulipaswa kupungua, ukazidi, ukampanda hadi sikioni, na mdomo ukanuka. Alikuwa anatafuta antibiotiki zilizobaki kabatini. Hizo si dawa ya tundu lililokauka, yaani lililopoteza donge lake. Nilimhimiza arudi, daktari akaliosha, akalijaza kitambaa chenye dawa, na usiku huo jirani akalala. Ukiona dalili hizo usione haya kurudi, hata kama ulivuta.

Uvimbe kidogo wa shavu huzidi siku ya pili au ya tatu kisha hushuka. Lakini ukivimba chini ya kidevu, ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, ukapata homa au pumzi ikawa nzito, huo usaha unashuka shingoni na unaweza kuziba njia ya hewa. Hapo usingoje boti ya asubuhi. Amsha nahodha, amsha majirani, ufike hospitali saa hiyo hiyo.