Ngazi ni moja, watoto ni wengi

SWALI: Mwalimu, binti yangu yuko Gredi ya Nne hapa Kisumu, darasa liko ghorofani. Kengele ya jioni ikilia, wote hushuka mbio kwa ngazi moja. Nifanyeje?
Mama mzazi, Kisumu

JIBU: Mama, usingoje mkutano wa wazazi, muone mwalimu mkuu kesho. Februari 2020, katika Shule ya Msingi ya Kakamega, watoto walikufa kwa kukanyagana ngazini wakienda nyumbani. Madarasa yatoke kwa zamu, mwalimu akisimama kwenye kona ya ngazi. Tena kuwe na mazoezi ya dharura kila muhula, na rejista ibebwe hadi uwanjani, majina yaitwe. Rejista husahaulika mno, na bila hiyo nani atajua aliyebaki ndani? Na mlango wa darasa ufunguke kwa nje. Usukume mwenyewe uone.