Aliyelala Igoma

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 51, nakaa Nyakato, tuna watoto watatu na mwakani mimi na mume wangu tunatimiza miaka 28 ya ndoa. Juzi binti yetu kaja na flashi ina muvi ya Kiingereza inaitwa 45 Years, akasema hii inawafaa nyie mliokaa kwenye ndoa, basi tukakaa sebuleni watatu, yeye anatutafsiria pale tunapoachwa. Mwisho yule mama anauchomoa mkono wake kwa mumewe katikati ya dansi, mbele ya wageni, na muvi inaishia hapo hapo! Binti akauliza sasa ndo nini, baba yake akanyanyuka akaenda kukaa nje mpaka saa sita usiku. Mimi najua kwanini. Kabla yangu alikuwa na mchumba, posa imeshapelekwa kabisa, akafa MV Bukoba ilipozama. Hayo alinieleza mama mkwe, yeye mwenyewe hajawahi hata kutaja jina lake. Kila tarehe 21 mwezi wa tano anatoka asubuhi anaenda Igoma makaburini anarudi jioni, namwekea chakula, simuulizi. Sasa yule mama alikasirika nini wakati mwenzie alishakufa zamani? Na mimi nimuulize mume wangu au niendelee kunyamaza?
Mama B, Nyakato

JIBU: Mama B, pole, na asante kwa kuniamini na jambo zito hivi.

Nianze na muvi maana ndo inafungua hilo lako la pili. Ilitoka 2015, kaiongoza Andrew Haigh wa Uingereza, na walioigiza yule mke na mume, Kate na Geoff, yaani Charlotte Rampling na Tom Courtenay, wote wawili walibeba tuzo za uigizaji Berlin mwaka huo huo. Walistahili, maana nusu ya muvi ni uso wa yule mama tu, hakuna muziki wa kukuambia sasa lia, na ndo maana hata sidhani kama kuna didjei angeiweza kuitafsiri, angetafsiri nini, ukimya?

Kumbuka ilivyoanza. Jumatatu barua inafika, mwili wa Katya, mpenzi wa Geoff wa kabla ya Kate, umeonekana kwenye barafu milimani Uswisi, alianguka 1962 na barafu imemtunza, yuko kijana vile vile wakati Geoff kashazeeka. Jumamosi ndo sherehe ya miaka 45. Siku za mwanzo Kate anajikaza kweli, anajiambia nitamkasirikiaje mtu wa kabla yangu. Mzee anarudia sigara, usiku anapanda darini, anamwambia wazi kwamba Katya asingekufa angemuoa, na bado mama wa watu kasimama. Kinachomvunja ni pale anapopanda darini mwenyewe anazimulika zile picha za slaidi, anamuona Katya kashika tumbo, mjamzito, na wao wawili hawakujaliwa mtoto. Miaka 45 hakuambiwa! Marehemu hana kosa hapo, mkono ule unachomolewa kwa sababu ya aliye hai.

Sasa wewe. Geoff alipata barua kwa sababu alikuwa kaandikwa ndugu wa karibu, yeye na Katya walijifanya mke na mume safarini. Mume wako hakuwa hata na hicho. Mei 1996 Mwanza nzima ilikuwa msibani, lakini mchumba msibani anakaa wapi? Pole zinaenda kwa baba na mama wa binti, yeye anaambiwa jikaze utapata mwingine, na kweli akakupata wewe, na pengine akaona kumtaja ni kukukosea heshima. Hilo kwangu ni tofauti sana na kuficha picha darini.

Ila dada yangu, na wewe umeficha. Unajua miaka yote hii, na yeye hajui kama unajua. Hapo ndo ningeanzia. Subiri mkiwa wawili, watoto hawapo, mwambie mama alinieleza, na mimi nikaogopa kukuuliza. Usiilete muvi kama ushahidi. Muulize alikuwa anaitwa nani, basi, halafu umwache aongee au asiongee. Kama ana sanduku lake juu ya kabati usilifungue peke yako, nakuomba sana. Na hiyo tarehe 21 ikifika muulize, baba B nikusindikize Igoma? Akisema hapana mwache aende, chakula mwekee kama kawaida.

Binti naye mwambie muvi haikukatika, imeishia pale pale.